Hazina yenye alama B

Oktoba 2014 wahisani waliokuwa wakichangia bajeti ya Tanzania waligoma. Kati ya dola milioni 558 walizoahidi kwa mwaka wa fedha 2014/15, walikuwa wameshatoa milioni 69 tu. Zilizobaki, wakasema, zingoje kwanza ukamilike uchunguzi wa akaunti ya Tegeta Escrow, iliyokuwa Benki Kuu ikishikilia fedha za mgogoro kati ya shirika la umeme TANESCO na kampuni ya kufua umeme ya IPTL. Mwezi uliofuata Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, PAC, ikasoma taarifa yake, watu wakaganda kwenye redio na televisheni, na kiasi kilichotolewa humo na kilichobaki vinywani mwa Watanzania hadi leo ni Sh306 bilioni. Kufikia mwisho wa Januari 2015 Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikuwa amejiuzulu, waziri mmoja ametenguliwa na mwingine amejiuzulu.

Sasa chukua PEFA, kipimo ambacho wahisani haohao walikuwa wakikitumia kupima hazina za nchi wanazozisaidia. Kigezo cha saba, kwa toleo la wakati ule, kinauliza hivi: matumizi yanayofanyika nje ya bajeti bila kutolewa taarifa ni asilimia ngapi ya matumizi yote ya serikali? Yakiwa chini ya asilimia 1, nchi inapata A. Yakiwa kati ya 1 na 5, inapata B. Bajeti ya 2013/14, mwaka ambao fedha zile zilitoka Benki Kuu, ilikuwa kama Sh18.2 trilioni. Gawanya. Sh306 bilioni ni asilimia 1.7. Hata ungezihesabu zote kuwa matumizi ya serikali ya mwaka mmoja, na serikali yenyewe ilishikilia kwamba hazikuwa fedha za umma, sakata lililoangusha vigogo lisingeishusha nchi chini ya B kwa swali hilo.

Simaanishi kwamba kipimo ni cha kijinga. Kinapima kitu kingine, tofauti na kile ambacho gazeti huandika linapopata taarifa kwamba nchi "imefanya vizuri katika usimamizi wa fedha za umma". Kinapima kama taratibu zipo na zinafuatwa kwa kiwango gani. Hakipimi nani mwizi. Anayezichanganya hoja hizi mbili atashangaa kila mwaka, mara kwa furaha, mara kwa hasira, na mara zote bila sababu.

Kipimo hiki cha PEFA kina jina refu la Kiingereza, Public Expenditure and Financial Accountability. Kilianzishwa 2001 na wabia saba: Benki ya Dunia, Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), Tume ya Ulaya, na serikali za Uingereza, Ufaransa, Norwei na Uswisi. Sekretarieti yake iko Washington. Toleo la kwanza lilitoka Juni 2005 likiwa na vigezo 28 vya serikali na vitatu vya wahisani. Toleo linalotumika sasa, la 2016, lina vigezo 31 vilivyogawanywa katika vipengele 94. Nchi zaidi ya 150 zimeshapimwa nacho, nyingine mara tatu, nyingine zaidi.

Kwa nini kikahitajika? Rudi miaka ya tisini. Mwishoni mwa 1994 wahisani walisimamisha misaada kwa Tanzania kwa sababu ya misamaha ya kodi iliyokuwa ikitolewa kama njugu na mapato yasiyokusanywa. Ndipo ikaja ripoti ya Gerald Helleiner na wenzake, 1995, iliyowalaumu wahisani na serikali kwa pamoja. Mamlaka ya Mapato, TRA, ikaanza kazi 1996. Hazina nayo ikaanza kutumia bajeti ya fedha taslimu, yaani kinachotumika mwezi huu ni kile kilichokusanywa, basi. Halafu likaja suala la msamaha wa madeni. Waliokuwa wakidai walitaka kujua: tukiifutia nchi deni, fedha itakayookolewa itaonekana kweli kwenye shule na zahanati? Mwaka 2001 Benki ya Dunia na IMF wakatunga vigezo 15 vya kupima kama hazina ya nchi yenye madeni makubwa inaweza hata kufuatilia fedha hizo. Nyingi hazikuweza. Vigezo hivyo 15 ndivyo vilivyofungua njia ya PEFA.

Sababu ya pili ilikuwa nzito zaidi. Kuanzia 2001 hivi wahisani kadhaa waliacha kujenga kila mmoja kisima chake chenye bango la jina lake, wakaanza kuingiza fedha moja kwa moja kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina. Huu ndio msaada wa kibajeti. Fedha ikishaingia huko haina kabila tena. Ukimimina ndoo yako kwenye tangi la mtaa, huwezi kesho kuuliza maji yako yameishia nyumba ipi. Unachoweza kuuliza ni kama tangi linavuja, nani ana ufunguo wa koki, na kama kuna mtu anayeandika kinachoingia na kinachotoka. Mhisani wa kisima hukagua risiti za kisima chake na kuondoka. Mhisani wa bajeti analazimika kuitazama hazina nzima.

Kazi yenyewe huenda hivi. Timu ya wataalamu, mara nyingi washauri wa kukodiwa wakisaidiana na maofisa wa Hazina, hukaa na nyaraka za miaka mitatu iliyokamilika. Wanataka vitabu vya bajeti, hesabu za mwisho wa mwaka, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), taarifa za TRA, orodha za zabuni na kumbukumbu za malipo ya mishahara. Kila kipengele hupewa alama kati ya A na D kwa masharti yaliyoandikwa. Hakuna nafasi ya kusema "naona wanajitahidi". Ushahidi usipopatikana, alama ni D yenye kinyota, maana yake ni kwamba nyaraka hazikutosha. Mimi huanza kusoma ripoti yoyote kwa kutafuta vinyota hivyo. Wizara iliyoshindwa kuonyesha karatasi imeshajieleza.

Kuna vigezo ambavyo alama yake huamuliwa na kipengele dhaifu kuliko vyote. Ukipata A, A na D, kigezo kizima ni D+, kajumlisha kidogo kwa kukupoza roho. Vingine huchukua wastani. Na hakuna alama ya jumla ya nchi. Ukisikia waziri, mhisani au mwanaharakati anasema nchi fulani "ina PEFA ya B", ujue kapiga wastani wake mwenyewe nyuma ya bahasha. Waliotunga kipimo walikataa kufanya hivyo makusudi, kwa kuwa A ya kuchapisha bajeti haiwezi kufidia D ya kudhibiti mishahara.

Tuingie ndani kidogo.

Kigezo cha kwanza ndicho chepesi na ndicho kinachodanganya haraka. Kinauliza kama serikali ilitumia kiasi kilekile ilichoidhinishiwa na Bunge. Matumizi yakiwa kati ya asilimia 95 na 105 ya bajeti katika miaka miwili kati ya mitatu, ni A. Tuseme bajeti ni 100 na zimetumika 96. A safi. Lakini huenda mishahara na deni la taifa vimepata kila kilichopangwa na hata zaidi, huku miradi ya maji ikipata nusu. Ndiyo maana kigezo cha pili hufungua vitabu fungu kwa fungu na kupima jinsi matumizi halisi yalivyohama kutoka kwenye mpango: chini ya asilimia 5 ni A, chini ya 10 ni B, chini ya 15 ni C. Nchi yenye A kwenye cha kwanza na D kwenye cha pili ina bajeti inayojumlisha vizuri na kutekelezwa kwingine kabisa. Bunge la nchi hiyo hukaa Juni nzima kujadili kitabu ambacho Hazina itakiandika upya kimyakimya kati ya Julai na Machi.

Mtu wa chini hukutana na tatizo hili kwa njia ya mgawo. Fungu limepitishwa, kasma, yaani mstari wa matumizi kwenye bajeti, ipo, lakini fedha hutoka Hazina mwezi kwa mwezi kulingana na makusanyo. Kipo kipengele kinachouliza: ofisi inajua mapema kiasi gani itaruhusiwa kutumia? Ikijua miezi sita mbele ni A, robo mwaka ni B, mwezi mmoja ni C. Mganga mfawidhi wa kituo cha afya anayejua mwezi mmoja tu mbele hawezi kupanga dawa za robo mwaka. Anaagiza kinachowezekana, kinachokosekana ananunua kwa mzabuni wa mjini kwa bei ya mjini, na mara nyingi kwa mkopo.

Mkopo huo ndio unaotuleta kwenye kigezo ambacho, kwa maoni yangu, kingestahili kusomwa kabla ya vingine vyote: malimbikizo ya madeni. Malimbikizo yakiwa hayazidi asilimia 2 ya matumizi yote, A. Yasipozidi 6, B. Yasipozidi 10, C. Mfikirie mkandarasi mdogo aliyechonga barabara ya wilaya. Kazi imekaguliwa, mhandisi kasaini, hati ya madai imewasilishwa. Halafu kimya. Mkandarasi ana mkopo benki na vibarua wanamgongea mlango. Safari ijayo akiomba zabuni ataweka bei ya kungoja malipo mwaka mzima, na wenzake wote watafanya hivyo, kwa hiyo serikali itanunua kila kitu kwa bei ya mdaiwa asiyeaminika. Hakuna aliyeiba hata senti, na fedha ya umma imepotea.

Mchezo hapa uko kwenye maana ya deni. Taratibu zinataka LPO, yaani hati ya kuagiza manunuzi, itoke kwenye mfumo wa malipo kabla huduma haijatolewa, ili mfumo ukatae kama kasma haina fedha. Ofisa akimwambia mzabuni kwa mdomo "leta tu, karatasi zitafuata", deni hilo halipo popote kwenye kompyuta. Malimbikizo yanaonekana madogo kwa kuwa hayajaandikwa. Kwa hiyo kipengele cha pili cha kigezo hiki hakiulizi kiasi, kinauliza mara ngapi serikali inahesabu inachodaiwa, cha nini na tangu lini. Kila robo mwaka ndani ya wiki nne ndiyo A. Mara moja kwa mwaka ni C. Kenya, ambako madeni ya kaunti kwa wazabuni yamekuwa wimbo wa kila mwaka, wameshaonja tatizo la pande mbili kuwa na orodha mbili za deni moja.

Mishahara nayo. Mei 2016 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba imewabaini watumishi hewa zaidi ya 10,000. Watu walishtuka, ila aliyewahi kukisoma kigezo cha mishahara hakuwa na haki ya kushtuka. Kinauliza mambo ya karani: jalada la mtumishi na orodha ya malipo vinalinganishwa kila baada ya muda gani? Mwalimu akifariki, akistaafu au akihamishwa, taarifa inachukua muda gani kutoka shuleni hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri na hadi kwenye mfumo? Kuna ukaguzi wa orodha nzima uliofanyika angalau mara moja katika miaka mitatu? Nchi inayojibu vibaya maswali hayo haijathibitishwa kuwa na watumishi hewa. Imeonyeshwa mlango watakaopitia. Ndiyo faida kubwa ya tathmini hizi ikiwa mtu atazisoma kwa wakati: zinaeleza wizi wa kesho utafanyika chumba gani.

Kile ambacho hazioni ni mwisho wa safari. Kwa hili hakuna mfano unaoishinda Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya tisini serikali ya Kampala ilikuwa ikiongeza ruzuku kwa shule za msingi, vitabu vya Hazina vilionyesha fedha imetoka, wilaya zimepokea. Kwa viwango vya makao makuu, kazi imekwisha. Mwaka 1996 watafiti wakafanya kitu rahisi ambacho hakuna aliyekuwa amekifanya: walikwenda kwenye shule 250 hivi na kuuliza mlipokea nini. Kati ya 1991 na 1995, kwa wastani, shule zilikuwa zimepokea asilimia 13 ya ruzuku ya kila mwanafunzi. Shule nyingi hazikupokea kitu kabisa. Fedha zilizobaki zilizama wilayani, nyingine mifukoni mwa watu, nyingine zikagharamia shughuli za wilaya zisizohusu elimu.

Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya kila mwezi, na shule zikatakiwa kubandika ukutani zilichopokea. Kufikia 2001 zilikuwa zikipata zaidi ya asilimia 80. Kisa hiki kimesimuliwa mno kwenye makongamano, kana kwamba gazeti ni dawa ya kila ugonjwa. Wakosoaji wamesema kwa haki kwamba palikuwa na mageuzi mengine wakati huohuo, na kwamba Hazina ilikuwa imeibana wilaya kwa njia nyingine pia. Lakini hoja ya msingi haijatetereka. Ukaguzi unaoishia wilayani ungeipa Uganda ya 1995 alama za kuridhisha kabisa. PEFA ya sasa ina kipengele kuhusu rasilimali zinazofika kwenye vituo vya huduma, yaani shule na zahanati, na kipengele hicho ni mtoto wa shule zile 250. Ni kimoja kati ya 94.

Msomaji wa Tanzania anajua jambo hili kwa jina lingine: hati safi. Kila Aprili ripoti za CAG zinapotoka, halmashauri hushangilia hati safi, na wananchi huuliza mbona zahanati haina paa. Hati safi inasema vitabu vya hesabu vinaonyesha hali halisi kwa viwango vya uhasibu. Vitabu vinaweza kuonyesha kwa usahihi kabisa kwamba fedha ya paa ililipia posho. Hoja za ukaguzi, zile kurasa za ndani ambazo hazipigiwi makofi, ndizo zinazoeleza paa.

Halafu kuna hila ya kuvaa suti. Nchi inayojua itapimwa kwa vigezo fulani hujifunza kuvitimiza: sheria mpya ya manunuzi, mfumo mpya wa kompyuta, mpango wa muda wa kati wenye jalada la rangi. Malawi ilikuwa na mfumo wa kompyuta wa malipo ya serikali, uliojengwa juu ya programu ileile ya Epicor ambayo Tanzania ilikuwa ikiitumia kabla ya kuhamia mfumo wake mwingine wa malipo, MUSE. Kwenye karatasi, mfumo wa namna hiyo ndio kinga. Septemba 2013 mkurugenzi wa bajeti wa Malawi alipigwa risasi nje ya nyumba yake Lilongwe, akanusurika, na baadaye yeye mwenyewe akashitakiwa. Uchunguzi uliogharamiwa na Uingereza ulionyesha kwamba katika miezi sita tu, Aprili hadi Septemba 2013, kwacha zaidi ya bilioni 13 zilikuwa zimetoka. Njia ilikuwa hii: malipo yanaingizwa kwenye mfumo, hundi inachapishwa, kisha muamala unafutwa. Kompyuta ilifanya kila ilichoagizwa na watu wenye nywila. Wahisani wakasimamisha takriban dola milioni 150, na waliolipa gharama hiyo ni wagonjwa na wanafunzi wa Malawi ambao hawajawahi kuiona Epicor.

Hapo ndipo nina ugomvi na wahisani. Kipimo cha 2005 kilikuwa na vile vigezo vitatu vyao, vya kuwapima wao. Kimoja kiliuliza kama fedha za msaada wa kibajeti zilifika kwa kiasi na wakati ulioahidiwa. Cha pili, kama wanaipa serikali taarifa za fedha za miradi yao. Cha tatu, ni sehemu gani ya misaada inayopitia taratibu za nchi yenyewe: asilimia 90 na zaidi ni A, chini ya 50 ni D. Wahisani wengi walipata alama ambazo mwanafunzi angeficha ripoti yake chini ya godoro. Toleo la 2016 lilipotoka, vigezo hivyo vitatu havikuwemo. Sababu za kitaalamu zilitolewa, na baadhi ya maswali yaligawanywa kwenye vigezo vingine. Matokeo ni kwamba mpimaji hana tena karatasi yake mwenyewe.

Ahadi waliitoa, Paris 2005, kwamba nchi ikiboresha hazina yake, watapitisha misaada mingi zaidi humo. Accra 2008 wakaenda mbele, wakasema taratibu za nchi ndizo zitakuwa chaguo la kwanza. Ufuatiliaji wa 2011 ulikuta kwamba kati ya malengo 13 ya Paris ni moja tu lililotimia, wala haikuonekana kwamba nchi zenye hazina bora ndizo zilizoaminiwa zaidi. Mwalimu anayempa mwenye A na asiye na A kiti kilekile hawezi kushangaa watoto wakiacha kusoma.

Na maamuzi makubwa huwa hayatoki kwenye alama kabisa. Machi 2016 shirika la Marekani la MCC liliisimamishia Tanzania mkataba wa dola milioni 472. Sababu zilizotajwa ni uchaguzi wa marudio Zanzibar na matumizi ya sheria ya makosa ya mtandao. Mtu anaweza kukubaliana na sababu hizo au kuzikataa, lakini hakuna kigezo cha usimamizi wa fedha kilichobadilika wiki ile. Upande wa pili wa sarafu ni huo huo: fedha nyingi zimewahi kuendelea kumiminika kwa serikali zenye alama mbovu kwa kuwa zilikuwa rafiki wakati rafiki alihitajika.

Kuna gharama nyingine ya kukwepa hazina, na tumeiona kwa macho 2025. Sehemu kubwa ya fedha za USAID katika nchi zetu, hasa za UKIMWI na malaria, zilipita kwenye mashirika na wakandarasi bila kugusa bajeti ya serikali. Hoja ilikuwa ni kujikinga na wizi, na kwa upande huo ina mashiko. Lakini zilipositishwa Januari 2025, na shirika lenyewe kufungwa Julai, wizara za afya zilijikuta zinatafuta majina ya watumishi ambao hawakuwa kwenye orodha yoyote ya mishahara ya serikali, na dawa ambazo kasma zake hazikuwahi kuwepo. Huwezi kuziba pengo ambalo halijaandikwa kwenye kitabu chako. Miaka ishirini ya kupima hazina za watu, na fedha nyingi zikipita pembeni ya hazina hizo.

Ripoti zenyewe nyingi zipo wazi kwenye tovuti ya PEFA, bure, ingawa kwa Kiingereza cha kuchosha. Mwandishi wa habari au diwani mwenye saa mbili asianze na muhtasari. Muhtasari huandikwa kwa mashauriano na serikali na maneno yake hulainishwa. Atafute vinyota. Alinganishe kigezo cha kwanza na cha pili. Asome malimbikizo. Alinganishe na ripoti iliyotangulia, kigezo kwa kigezo, akikumbuka kwamba ya kabla ya toleo la 2016 na ya baada yake hazilingani moja kwa moja kwa sababu maswali yalibadilika. Mwishoni aende kwenye vigezo vya 30 na 31, ukaguzi na Bunge, na achukue kalenda.

Kwa Tanzania kalenda hiyo inasomeka hivi. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni. Hesabu zinakabidhiwa kwa CAG ifikapo 30 Septemba. Ripoti inafika kwa Rais mwishoni mwa Machi, na inawekwa mezani Bungeni katikati ya Aprili. PEFA inatoa A kwa ripoti inayofika Bungeni ndani ya miezi mitatu tangu mkaguzi apokee hesabu, B ndani ya sita, C ndani ya tisa. Kutoka Septemba hadi katikati ya Aprili ni miezi sita na nusu. Yaani wakaguzi wakifanya kazi bila kulala, bila kuchelewa hata siku moja, ratiba ya kisheria yenyewe inawaelekeza kwenye C.

Baada ya hapo PAC na kamati ya hesabu za serikali za mitaa, LAAC, huita maofisa masuuli, yaani watendaji wanaowajibika kwa fedha za ofisi zao, kuwahoji, na katika miaka ya karibuni mjadala ndani ya ukumbi umekuwa ukifanyika Novemba. Shilingi iliyotumika vibaya Julai 2021 ilijadiliwa Novemba 2023. Kufikia siku hiyo mwaka mwingine mzima wa fedha ulikuwa umeshapita na wa tatu ulikuwa mwezi wake wa tano, na ofisa anayetajwa huenda kahamishwa mara mbili. Wabunge hulalamika kila mwaka kwamba wanajadili maiti. Kanuni zinazopanga lini mjadala huo ufanyike hazitungwi Washington wala Brussels. Hutungwa na Bunge lenyewe, Dodoma.